Tageti zinafikiwa kila robo mwaka ila wateja wanaondoka, tunaanzia wapi kurekebisha kampuni?

Msimamizi_Huduma:

Wakuu habari za wakati huu. Naombeni mawazo yenu hasa nyie mliowahi kuongoza kampuni au idara, maana hili jambo linaniumiza kichwa na sitaki kuingia kwenye kikao na maneno matupu.

Kampuni yetu inauza na kuhudumia mashine za ofisini, yaani fotokopi, printa kubwa, skana na vitu kama hivyo. Hela yenyewe haitoki sana kwenye kuuza mashine, inatoka kwenye mikataba ya matengenezo, mteja analipa kila mwezi sisi tunahakikisha mashine yake inapiga kazi. Mimi nasimamia huduma, mafundi na wale wanaopokea simu. Kwa muda sasa mauzo mapya yapo, watu wa mauzo wanafikisha tageti kama kawaida, lakini mkataba ukifika mwisho mteja haendelei. Wengine hata hawalalamiki, wananyamaza tu halafu unakuja kusikia wameshasaini na kampuni nyingine. Tunahangaika mwaka mzima kutafuta wapya wa kuziba nafasi za walioondoka na mwisho wa siku faida iko pale pale au imeshuka.

Uongozi ukaona dawa ni kupandisha tageti ya mauzo na kukaza uzi kwa mafundi. Fundi anapimwa kwa idadi ya tiketi alizofunga, yaani taarifa za ubovu kutoka kwa wateja, na kila tiketi inatakiwa iwe imefungwa ndani ya saa 48. Ukisoma ripoti zetu tuko vizuri mno, karibu tiketi zote zinafungwa ndani ya muda. Sasa mbona watu wanaondoka?

Mkurugenzi ametoka kwenye semina juzi, kaniambia niandae mpango wa kuinua kampuni kupitia thamani kwa mteja na uongozi unaosimamia misingi. Huo mwelekeo naupenda na namjua mzee, akisema kitu anamaanisha. Ila nataka niwasikie waliofanya, hivi vitu viwili vinaongezaje matokeo ya kampuni kiuhalisia? Unapima nini? Na mtu aliyezoea kukimbizana na namba unamgeuzaje?

MamaOperesheni:

Pole ndugu yangu. Hilo nimelikuta kwenye zaidi ya kampuni moja na mara nyingi jibu limo humo humo kwenye data zenu ila limekaa kona ambayo hakuna anayeiangalia.

Umeandika mwenyewe kwamba fundi anapimwa kwa tiketi alizofunga. Mteja hana shida na tiketi, ana shida na mashine. Fundi akifika akachomoa karatasi iliyokwama, akafunga tiketi akaondoka, kwenye ripoti yenu kazi imeisha. Kesho yake inakwama tena pale pale, mteja anapiga simu, inafunguliwa tiketi MPYA, saa 48 zinaanza upya, na hiyo nayo ikifungwa inahesabika kazi nyingine nzuri. Yaani kadiri mnavyorekebisha vibaya ndivyo ripoti inavyozidi kupendeza. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na wala simlaumu fundi kwa sababu hiyo ndo kazi mliyompa.

Kabla hujaandika mpango wowote fanya hivi. Toa tiketi zote za miezi sita, usizipange kwa jina la fundi wala kwa tarehe, zipange kwa namba ya mashine. Tazama mashine gani inarudi ndani ya siku 30 kwa tatizo lile lile. Halafu chukua orodha ya wateja walioondoka uilaze pembeni yake. Ukimaliza njoo utuambie umeona nini, hapo ndo tutaongea vizuri.

Msimamizi_Huduma:

Mama umenigusa penyewe. Nimekaa na kijana wetu wa data tukapanga kama ulivyosema, majina mengi ya walioondoka yako juu kabisa kwenye orodha ya mashine zinazojirudia.

Niwape mfano mmoja. Kuna ofisi ya wahasibu, wameondoka hivi karibuni, mashine yao moja ina tiketi tano ndani ya mwezi. Maelezo ya fundi nayanakili kama yalivyo. Ya kwanza "karatasi imekwama trei ya 2, imetolewa, OK". Ya pili "rola zimesafishwa, OK". Ya tatu "karatasi trei ya 2, imetolewa, mteja ameshauriwa atumie karatasi bora". Ya nne imeandikwa "OK" tu. Ya tano "rola za trei ya 2 zimeisha, spea imeagizwa", na hiyo nayo IMEFUNGWA siku ile ile maana saa 48 zilikuwa zinakaribia na spea ilikuwa bado haijafika. Na mwezi wenyewe ndo ule ambao wao wanafunga mahesabu ya wateja wao. Nimeisoma hiyo nimekosa raha kabisa.

Nikamuita fundi, sio kwa ubaya, nikamuuliza mbona hukubadilisha rola zinazovuta karatasi siku ya kwanza. Akanijibu "bosi, rola hazikai kwenye gari, ziko stoo, kuzitoa ni fomu na sahihi mbili, nikisubiri sahihi nimeshaharibu saa zangu. Na anayepokea simu ananiandikia printa mbovu basi, haulizi trei ipi, haulizi kioo kinaonyesha kosa namba ngapi, kwa hiyo naondoka hapa sijui nibebe nini."

Fundi mwenyewe ni mzuri, miaka yote yuko na sisi.

Mzoefu_wa_Mauzo:

Hayo maneno ya huyo fundi yaweke ukurasa wa kwanza wa mpango wako kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi naomba niongezee upande wa tageti, nimeishi huko miaka mingi. Kuna kisa cha Wells Fargo, ile benki ya Marekani, kila kiongozi anayeamini tageti inatatua kila kitu akisome. Walijiwekea kwamba kila mteja awe na bidhaa nane za benki, akaunti, kadi na kadhalika. Wafanyakazi wa matawini walibanwa kila siku mpaka wakaanza kufungulia wateja akaunti bila wao kujua. Septemba 2016 mamlaka zikawapiga adhabu ya dola milioni 185, mwezi uliofuata mkurugenzi mtendaji John Stumpf akaondoka, akaunti zinazoshukiwa mwanzoni zilikadiriwa milioni 2 baadae makadirio yakafika milioni 3.5. 2020 wakalipa dola bilioni 3 kumaliza kesi na serikali. Na benki kuu ya Marekani iliwawekea ukomo wa kukua mwaka 2018, ule ukomo umekuja kuondolewa 2025. Miaka saba benki kubwa vile inazuiwa kukua!

Ila kinachoniuma mimi kwenye hicho kisa ni hiki: ndani ya miaka mitano walikuwa wameshafukuza wafanyakazi kama 5,300 kwa hayo mambo. Kwa hiyo walikuwa WANAJUA. Walikuwa wanamfukuza mtu leo, wanamleta mwingine kesho, tageti iko vile vile na presha iko vile vile. Ukiona kosa moja linafanywa na mamia ya watu wasiojuana acha kutafuta mwenye tabia mbaya, katafute nani ameweka hiyo namba na kwa nini hataki kuigusa.

Saa 48 zenu sio jinai kama ile, ila mtambo wake unafanya kazi kwa namna ile ile. Mtu akiambiwa mshahara wake uko kwenye namba ataileta namba, sasa kama mteja hayumo ndani ya namba basi mteja ataachwa nje. Huyo fundi wenu aliyefunga tiketi wakati spea haijafika alikuwa anatii maagizo.

Mchambuzi_Biashara:

Nimefuatilia, mnaongea vitu vya maana sana ila naona thamani kwa mteja bado hatujaigusa kisawasawa. Watu wengi wakisikia hilo neno wanaelewa kupunguza bei, au mtu wa mapokezi atabasamu, au kutuma salamu za sikukuu. Vizuri, lakini sio hicho mteja anachonunua.

Jiulize yule mhasibu alikuwa analipia nini kila mwezi. Alikuwa analipia asifikirie kabisa habari za mashine mwezi wa kufunga mahesabu. Sasa nyie mmemuuzia ziara za mafundi. Alipata ziara tano, kwa mkataba wenu mmemhudumia sana, kwa upande wake hamkumpa kitu.

Kwenye biashara yenu hii hii kuna historia nzuri. Xerox walipotoa mashine yao ya fotokopi ya 914 mwaka 1959 ilikuwa kubwa na ghali kiasi kwamba ofisi nyingi zisingeinunua. Wakaikodisha, na mteja akawa analipa kulingana na kopi anazotoa. Ukiangalia kwa makini, hapo mashine ikilala Xerox wenyewe ndo hawaingizi, kwa hiyo uzima wa mashine ukawa shida ya pande zote mbili. Kwenye injini za ndege pia, Bristol Siddeley walianza mwaka 1962 kumtoza mteja kwa kila saa injini inaporuka, baadae kampuni ikaingia ndani ya Rolls-Royce na Rolls-Royce wameukuza mtindo huo mpaka leo. Injini ikikaa chini anayeumia ni mtengenezaji, basi ataitengeneza iwe inadumu. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu kumjali mteja, mkataba wenyewe unamvuta huko.

Kwenu ningebadilisha kipimo kwanza kabla hata ya mkataba. Hesabu saa ambazo mashine imelala, kuanzia mteja alipopiga simu mpaka alipotoa karatasi safi mwenyewe, na hiyo saa ya mwisho aithibitishe mteja, fundi asiifunge peke yake. Pembeni yake weka kazi zilizoisha kwa ziara ya kwanza bila mashine kurudi ndani ya siku 30. Hizo mbili zinatosha kabisa kuanzia, msiweke vipimo kumi na tano mkapotea.

Halafu wapigie wateja walioondoka. Usitume fomu ya nyota tano, piga simu uulize "ni siku gani mashine ilipokwama ilikuumiza zaidi, na ulifanyaje?" Utasikia mambo ambayo hayapo kwenye dashibodi yoyote. Mwanasheria atakwambia usiku wa kuamkia kesi. Ofisi ya uchapaji itakwambia kila siku kila saa. Mwingine atakwambia yeye hata ikilala wiki hana shida anayo ya pili. Sasa hao watatu mnawahudumia sawasawa wakati wanachohitaji ni tofauti kabisa, na huyo wa tatu pengine anawalipa zaidi ya anachotumia, wa kwanza angelipa hata zaidi kama angehakikishiwa ule usiku wake.

Mlezi_wa_Viongozi:

Upande wa uongozi sasa maana ndo nusu ya swali lako. Misingi ya kiongozi unaijua siku inapomgharimu. Siku za kawaida kila mtu ana misingi.

Mfano unaotajwa sana ni kampuni ya dawa ya Marekani, Johnson & Johnson mwaka 1982, eneo la Chicago watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya maumivu vya Tylenol vilivyokuwa vimetiwa sumu na mtu asiyejulikana. Kampuni haikuwa imeweka sumu, ila ikarudisha chupa kama milioni 31 nchi nzima kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100, na dawa iliporudi sokoni ilikuja na vifungashio ambavyo mtu akivifungua au kuvichezea inaonekana. Soko walilopoteza wakalirudisha kwa sehemu kubwa ndani ya muda mfupi. Walikuwa na waraka wao wa misingi tangu 1943 unaomtaja mgonjwa, daktari na mzazi kabla ya mwenye hisa, na siku ile ukatumika.

Mwingine ni Kazuo Inamori wa Japani. Shirika la ndege la Japan Airlines lilifilisika Januari 2010, akaombwa aliongoze akiwa mzee anakaribia miaka 80, akakubali kufanya bila mshahara. Aliwakusanya wakubwa wa kampuni akawafundisha mambo ambayo baadhi waliona ni ya watoto, kusema ukweli, kutokuwa na ubinafsi, kumfikiria abiria. Sambamba na hayo akaigawa kampuni vipande vidogo vidogo, kila njia ya ndege ikawa inajua imeingiza nini na imetumia nini. Septemba 2012 hisa zikarudi soko la Tokyo.

Hapo ndo naona kitu cha kumwambia mkurugenzi wako. Inamori hakuacha misingi ielee hewani, aliiweka mkononi mwa mtu wa chini pamoja na hesabu. Kwenu hiyo ni nini? Ni fundi kuruhusiwa kubeba rola kwenye gari bila sahihi mbili. Mkiwaambia watu "tunamjali mteja" halafu hamuwaamini na rola, wataamini ile fomu ya stoo, hawatawaamini nyie.

Mhasibu_Makini:

Nitakuwa tofauti kidogo na wenzangu, naomba mnielewe kwamba sipingi, nataka ndugu yetu asiingie kikaoni na nusu ya picha.

Hizo hadithi zina upande mwingine. Japan Airlines haikuinuliwa na mafunzo peke yake, madeni makubwa yalifutwa, mfuko ulioungwa mkono na serikali uliweka yeni bilioni 350, na wafanyakazi kama 16,000 walipoteza kazi. Huo nao ulikuwa uamuzi wa uongozi, na mgumu. Ukimsimulia mkurugenzi habari ya falsafa tu utakuwa umemdanganya. Na Johnson & Johnson hao hao waliosifika 1982, kampuni yao tanzu ya McNeil mwaka 2009 ilijua kuna dawa yao ya maumivu ya Motrin yenye kasoro madukani, badala ya kutangaza wakaajiri watu wajifanye wateja wazinunue kimya kimya. Mwaka 2015 McNeil hiyo hiyo ikakiri kosa mahakamani kuhusu dawa za watoto zilizokuwa na chembe za chuma, ikalipa dola milioni 25. Waraka wa misingi ulikuwepo muda wote. Kwa hiyo kilichowaokoa 1982 ni watu waliokuwa wameshika usukani siku ile, waraka peke yake haukuzuia lolote 2009.

Sasa hela. Kujaza spea kwenye kila gari ni mtaji umelala barabarani. Kuwahi kila mteja ni mafundi wengi zaidi. Nani analipa? Kabla ya kuahidi chochote chukua kila mkataba uuandikie gharama yake halisi: ziara, mafuta, spea, tona, saa za fundi. Utakuta kuna mikataba inawala. Mara nyingi ni mashine iliyochoka, imeshapita umri wake, mmekubali kuihuisha kwa bei ile ile kwa sababu mtu wa mauzo alitaka namba. Hapo msingi unasemaje? Kwangu mimi unasema umwendee mteja umwambie ukweli, hii mashine imefika mwisho, tukiendelea kukutoza utakuwa unalipia kitu ambacho hatuwezi kukupa. Wengine watanunua mpya, wengine wataondoka, na ni afadhali huyo aondoke leo kwa ukweli kuliko aondoke mwakani akiwa na hasira na awaambie wenzake.

Ila nikubaliane na Mchambuzi kwenye hili, ziara tano kwa rola moja ni ghali kuliko rola kukaa kwenye gari. Zidisha mafuta na saa za fundi mara nne za ziada uweke pembeni ya bei ya rola. Karatasi hiyo moja itamshawishi mkurugenzi wa fedha kuliko semina zote.

Mlezi_wa_Viongozi:

Mhasibu nakushukuru, hayo ya McNeil ni kweli na yanaimarisha nilichotaka kusema, misingi inaisha ikiwa habari mbaya haipandi juu. Angalia Boeing na ndege zao za 737 MAX, mbili zilianguka Oktoba 2018 na Machi 2019, watu 346 wakafa, na uchunguzi uliofuata ulionyesha ndani ya kampuni kulikuwa na watu waliokuwa na wasiwasi mapema. Wasiwasi ulikuwepo, njia ya kuupeleka mahali unaposikilizwa ndo haikuwepo. Kwenye viwanda vya Toyota mfanyakazi wa chini kabisa ana kamba ya kuvuta akiona kasoro, msimamizi wake anakuja pale pale, na tatizo lisipotatuliwa haraka mstari unasimama. Ni ghali kusimamisha mstari, na bado wanamwachia mtu wa chini uamuzi wa kuivuta.

Msimamizi, kwenu kamba hiyo iko wapi? Fundi akiona mteja ameuziwa mashine ndogo kuliko kazi yake anamwambia nani?

Msimamizi_Huduma:

Haipo. Na swali lako limenifikisha kwenye jambo nililokuwa sitaki hata kuliandika hapa.

Kijana wetu namba moja wa mauzo, anayepewa tuzo kila mwaka, nimegundua anawaahidi wateja fundi ndani ya saa 4. Mkataba unasema 48. Wateja wawili wamenionyesha meseji zake za WhatsApp, ameandika wazi kabisa "usiwe na wasiwasi saa 4 tu fundi yupo". Wakipiga simu sisi tunawaambia 48, wanatuona matapeli. Mafundi walikuwa wanajua siku zote, waliogopa kusema maana kijana ni kipenzi cha ofisi na analeta hela kweli.

Mkurugenzi bado hajui. Nikisema naonekana namchongea mwenzangu, nisiposema huo mpango wa misingi nitauandikaje?

Mzoefu_wa_Mauzo:

Sema, na useme kabla ya kikao, uso kwa uso, wawili tu, ukiwa na zile meseji. Kumleta kikaoni mbele ya watu ndo kuchongea.

Ila muelewe kijana pia. Analipwa lini kamisheni? Kama analipwa yote siku ya kusaini basi mteja akiondoka mwakani yeye hapotezi kitu, anatafuta mwingine. Kampuni imemlipa aahidi. Igaweni, sehemu apate kwenye kusaini, sehemu mteja akifikisha mwaka na kuendelea, na mkataba uliouzwa kwa ahadi isiyoandikwa usiwe na kamisheni kabisa. Watu wa mauzo watapiga kelele miezi ya kwanza, na pengine mmoja mzuri ataondoka. Mkurugenzi aambiwe hilo mapema asije akashtuka akarudi nyuma.

MamaOperesheni:

Nakubaliana, na nina la kuongeza. Hizo saa 4 kijana hakuziota. Kaziahidi kwa sababu kuna wateja wanazitaka na zinauza. Basi hiyo ni habari kubwa ya soko mmepewa bure. Mhasibu wenu akae na wewe mpige hesabu, wateja wangapi wako karibu karibu kiasi kwamba fundi anaweza kweli kufika ndani ya saa 4, spea gani zawe garini, bei iwe ngapi. Wauzieni hao, kwa maandishi. Walio mbali waambiwe ukweli.

Lakini hilo lisitangulie. La kwanza ni wale walioahidiwa. Apige simu mkurugenzi mwenyewe, asimtume kijana wala asikutume wewe, awaambie "uliahidiwa kitu ambacho hakimo kwenye mkataba, ni kosa letu, una hiari mbili, tukupe huduma hiyo mpaka mkataba wako uishe kwa gharama yetu, au tukurudishie sehemu ya hela." Itauma kwenye vitabu. Wafanyakazi wote watajua ndani ya saa moja kwamba amepiga hizo simu, na hapo hutahitaji kuwahutubia kuhusu misingi.

Na kijana asikilizwe. Akikubali na kubadilika abaki. Akiendelea hata baada ya kamisheni kubadilishwa, tuzo zake zisimlinde.

Fundi_Spana:

Mimi ni fundi, sio wa kampuni yako, ila mashine ni hizo hizo. Naomba niseme kitu kimoja ambacho mabosi huwa hawakioni.

Siku mtakayobadilisha kipimo namba zenu zitakuwa mbaya kuliko sasa. Tiketi zitakaa wazi siku nne, siku sita, kwa sababu sasa hivi hazifungwi mpaka mteja athibitishe. Mashine zote ambazo zilikuwa zinafunikwa zitajitokeza kwa pamoja. Kwenye ripoti itaonekana mafundi wamekuwa wavivu ghafla, wakati ndo kwanza tunaandika ukweli. Huko nilipo ilijaribiwa, wiki ya pili bosi akaona ile ripoti akaitisha kikao akafoka, akauliza nani ameacha tiketi wazi. Basi, siku ile ile watu wakarudi kufunga kama zamani na mpaka leo hakuna fundi anayeacha tiketi wazi pale, iwe mashine imepona au haijapona.

Rola, mikanda, vile vipira vya kuvutia karatasi, ni vitu vidogo, sanduku moja linatosha na mafundi wenyewe wanajua vipi vinaisha haraka, wapeni karatasi waandike. Wapokea simu wafundishwe maswali matatu, mashine gani, kosa namba ngapi kwenye kioo, imeanza lini. Hayo mkianza Jumatatu hayahitaji bajeti.

Lakini hilo la ripoti mwambie mkurugenzi sasa hivi kabla haijamfikia. Na kama anaweza, siku ripoti hiyo inapotoka apande gari na fundi mmoja waende kwa mteja mwenye tiketi iliyokaa wazi muda mrefu kuliko zote, akae pale mpaka mashine itoe karatasi.